Ramani Kuukuu ya Visiwa Vyetu

  Uliye jikoni, punguza moto kidogo mchuzi usikauke. Uliye kwenye daladala, mwombe kondakta apandishe sauti. Na wewe uliyekaa barazani na kikombe chako cha kahawa, wewe huna la kuomba, umeshapata.

Leo nimekuja na ramani. Naam, ramani, na hii ni redio! Utaniuliza, bwana we, ramani ni kitu cha kutazama, utatuonyeshaje kwa sauti? Nivumilie. Hii ninayotaka kuizungumzia inasikika vizuri zaidi kuliko inavyoonekana.

Siku moja nilikuwa napita vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, nikaingia katika duka la vitu vya kale. Mnayajua maduka haya: birika za shaba, saa za ukutani zilizokwisha kufa, masanduku ya njumu, picha za masultani. Ukutani palikuwa na ramani ndani ya fremu nyeusi. Pemba juu, Unguja katikati, Mafia chini kabisa, na ukingo wa Mrima, yaani pwani ya bara, upande wa kushoto. Maandishi ni ya Kijerumani. Kijana mwenye duka akanisogelea taratibu. "Mzee wangu, hiyo ya kale kweli kweli, ya enzi za Mjerumani." Nikamwuliza bei. Akaitaja. Nikaomba kiti.

Hapa nisimame kidogo nikupe ushauri wa bure, maana najua kuna msikilizaji mwenye pesa zake anayependa kupamba sebule. Si kila karatasi ya hudhurungi ni kuukuu. Karatasi ikichovywa kwenye chai ya rangi na kuanikwa juani inazeeka miaka mia moja kwa mchana mmoja. Ramani za zamani sana, za karne ya 17 na 18, zilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, na bamba lile likikandamizwa juu ya karatasi liliacha alama ya kubonyea kuzunguka picha. Pitisha kidole pembezoni, utaisikia. Za mwisho wa karne ya 19 zilichapwa kwa jiwe, hizo hazina alama hiyo, lakini mara nyingi zina mikunjo, kwa sababu zilikuwa zimekunjwa ndani ya vitabu kabla mtu hajazichana akaziuze moja moja. Ya yule kijana haikuwa na kubonyea wala mikunjo. Ilikuwa nakala. Nikamwambia kwa upole, naye akacheka kwa upole, tukaelewana. Akaniruhusu niipige picha kwa simu.

Lakini nisikilizeni: nakala inasema yaleyale yanayosemwa na ya asili. Nikaenda steshenari, nikaichapisha kwenye karatasi kubwa, nikakaa nayo nyumbani siku kadhaa. Na nilipoitazama kwa muda nikaanza kujiuliza jambo moja, na ndilo nitakalolirudia leo mpaka mnichoke. Ramani ni jibu. Kila ramani. Mtu aliuliza kitu, ndipo ikachorwa. Sasa ukiikuta ukutani imebaki yenyewe, jibu limening'inia, swali liko wapi? Aliyeichora alikuwa anauliza nini?

Tuanze na sisi wenyewe, na neno lenyewe. Ramani. Umewahi kujiuliza limetoka wapi? Wataalamu wa lugha wanalifuata mpaka Uajemi, kwenye neno rahnama, maana yake kitabu cha njia. Mabaharia Waarabu wakalichukua wakaligeuza rahmani, nalo likashuka na pepo za kaskazi hadi pwani yetu likawa ramani. Na hiyo rahmani ya mabaharia, je, ilikuwa mchoro? Kwa sehemu kubwa hapana! Ilikuwa maneno. Nyota gani uifuate, upepo gani uusubiri, rasi gani utaiona kwanza, maji yakibadilika rangi ujue umefika wapi. Ahmad ibn Majid, baharia mkubwa wa karne ya 15 kutoka Julfar, huko Ras al-Khaimah ya leo, alitunga utenzi mzima wa njia ya bahari hadi Sofala. Utenzi, wasikilizaji! Kwa sababu nahodha usiku, na tanga limejaa upepo, hana taa wala meza ya kukunjulia karatasi. Ana kichwa chake. Kinachoimbika hakipotei majini.

Kwa hiyo mnaona? Nilipokwambia nitakuletea ramani redioni sikuwa nafanya mzaha. Ramani ilianza ikiwa kitu cha kusikilizwa. Na swali lake lilikuwa moja: nitafikaje, na nitarudije?

Wapo waliochora pia, na mapema. Mwaka 1154, huko Palermo, mwanajiografia Al-Idrisi alimaliza kazi kubwa aliyoagizwa na Mfalme Roger wa Sicily, na pwani ya Zanj, yaani pwani yetu hii, imo humo. Ila ukiitazama utadhani umeishika vibaya, kwa sababu kusini iko juu. Afrika iko juu, Ulaya iko chini. Waliokuja baadaye waliigeuza, na leo mtoto wa shule anaamini kwamba kaskazini ni juu kama vile mbingu ilivyo juu. Sina ugomvi na hilo. Nasema tu kwamba hata hilo lilikuwa uamuzi wa mtu.

Wakaja Wareno. Katika ramani zao Kilwa ikawa Quiloa, Malindi ikawa Melinde, na Mafia ikawa Monfia. Tamka mwenyewe: Monfia. Ni kama mtu anayekuita jina lako huku ana embe mdomoni. Na jina lile likadumu, likanakiliwa na Wafaransa na Waingereza ambao hawakuwahi kuiona Mafia, mmoja akimwiga mwenzake karne baada ya karne.

Mpaka akaja Kapteni Owen. Huyu lazima tumpe dakika zake. William Owen alikuwa nahodha wa jeshi la majini la Uingereza, na kati ya 1822 na 1826 alizunguka pwani ya Afrika na meli zake, Leven na Barracouta, akipima. Kupima vipi? Kwa bildi. Vijana wa mjini huenda hamlijui neno hili, waulizeni wazee wa pwani. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Unakitupa majini, kinazama, kamba inahesabiwa kwa pima. Na pima moja ni upana wa mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa. Unaandika namba, unasogea, unatupa tena. Asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku, kwenye jua letu hili. Homa iliwaua mabaharia wa Owen wengi mno. Ukiona ramani ya bahari ya zama zile na vile vitarakimu vilivyotapakaa majini kama mtama uliomwagika, ujue kila kimoja ni mkono wa mtu uliovuta kamba.

Na tazama ajabu yake. Kwenye ramani za namna hiyo bahari imejaa na nchi kavu ni tupu. Kwetu sisi maisha yako kwenye shamba, kwenye kisima, kwenye msikiti, kwenye njia ya kwenda kwa mjomba. Kwao bahari ndiyo iliyoandikwa, nchi ni ukingo tu, na penye mnazi mkubwa au mnara panaandikwa kwa sababu panaonekana kutoka melini. Kwa nini? Rudi kwenye swali. Owen alikuwa anauliza: meli yangu itie nanga wapi isivunjike?

Lakini mpimaji huwa haishii kupima. Februari 1824 Owen yuleyule alifika Mombasa, akawakuta Mazrui, watawala wa mji, wanabanwa na Sayyid Said, mtawala wa Omani, wakamwomba ulinzi, naye akakubali bendera ya Uingereza ipandishwe bila kungoja ruhusa ya wakubwa wake London. Akamwacha pale luteni wake, Reitz, asimamie. Baada ya miezi michache Reitz akafa kwa homa. London ikakataa mpango mzima, na 1826 bendera ikashushwa. Miaka miwili tu! Lakini msikilizaji wangu wa Mombasa, ukiwa unakwenda uwanja wa ndege, hupiti karibu na Port Reitz? Bendera ilishuka, jina likabaki majini. Nanga nyingine hazing'oki.

Basi turudi kwenye ile ya dukani, maana nimeahidi utaisikia. Chukua kalamu kama unayo. Nitakufundisha kusoma ramani ya Kijerumani kwa dakika moja. Wajerumani hawana herufi ch kama yetu. Sauti yetu ya ch wanaiandika kwa herufi nne: t, s, c, h. Na sauti yetu ya j, d, s, c, h. Basi. Ukijua hayo umeshahitimu. Kisiwa cha Chole kinakuwa Tschole. Juani kinakuwa Dschuani. Ujiji, mji mfupi wa herufi tano, unakuwa Udschidschi, jina refu kama treni ya mizigo. Kilimanjaro inakuwa Kilimandscharo. Na Zanzibar wanaiandika kwa S mbili: Sansibar. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya pili unaona kwamba aliyeandika Dschuani alisikia vizuri kuliko aliyeandika Monfia. Yeye aliuliza watu, akatega sikio, akajaribu kwa herufi alizokuwa nazo. Namheshimu kwa hilo, nami si mwepesi wa kuwasifu.

Kuna majina mengine ambayo hayakusikika vibaya, yaliwekwa tu. Mbele ya mji wa Unguja kuna kisiwa cha Changuu. Changuu ni samaki, kila mwanamke anayekwenda sokoni Darajani anamjua. Miaka ya 1890 Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyemtumikia Sultani, akakichukua kisiwa akajenga gereza. Gereza lile halikupata kufanya kazi ya gereza. Likawa mahali pa kuwatenga wagonjwa na wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Leo nenda Forodhani uwasikilize watembeza wageni: "Prison Island! Prison Island!" Mfungwa hakuna, jina lipo. Samaki yupo kila siku kwenye sufuria, jina lake linaanza kusahaulika.

Sasa tumefika penye uzito. Tulia hapo.

Katika ile ramani yangu ya kuchapisha, Mafia iko chini, mkabala na mdomo wa Rufiji. Unguja na Pemba ziko juu yake. Ukiwa mgeni unaona visiwa vitatu vya ukoo mmoja. Na kweli, kwa muda mrefu ndivyo vilivyokuwa. Zamani sana Mafia ilikuwa chini ya wafalme wa Kilwa. Habari zake zimo katika tarihi ya Kilwa. Baadaye vyote vitatu vikawa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1886 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zilituma makamishna wapime ni wapi hasa mamlaka ya Sultani yanapoishia. Wakakubali kwamba Unguja, Pemba na Mafia ni zake, pamoja na Lamu, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini. Maili 10! Hebu fikiria, unasimama ufukweni na unamwambia mtu: nchi yako inaingia ndani kiasi hiki, kutoka hapo mbele si yako. Kwa nini 10 na si 9, wala 15? Mwulize aliyeshika rula.

Miaka minne tu ikapita. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani wakatia saini mkataba mkubwa. Huu ndio mkataba ambao watu husema Ujerumani ilibadilisha Zanzibar kwa kisiwa cha Helgoland. Nimelisikia hilo mara nyingi, hata kwa wasomi, na si sawa. Ujerumani haikuwa na Zanzibar ya kutoa. Ilichofanya ni kukubali kwamba Uingereza iiweke Zanzibar chini ya ulinzi wake, na kuacha madai yake ya Witu, kule karibu na Lamu. Yenyewe ikapewa Helgoland, kisiwa kidogo cha miamba katika Bahari ya Kaskazini, na mengine. Na katika hayo mengine kulikuwa na kifungu kimoja, cha 11. Humo Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake wote ili Sultani aiachie Ujerumani ule ukanda wake wa bara. Halafu, mwishoni mwa sentensi, kama mtu aliyekwisha kufunga mzigo akakumbuka ufagio: pamoja na kisiwa cha Mafia.

Maneno machache tu. Sultani Ali bin Said, ambaye hata mwaka mmoja katika kiti hakuwa ametimiza, akalipwa mark milioni 4 kwa vyote, bara na kisiwa. Na wavuvi wa Jibondo, kisiwa jirani na Mafia, siku hiyo walikwenda baharini kama kawaida.

Ukitaka kujua kama karatasi ina nguvu, usiangalie vita, angalia Mafia. Mwaka 1964 Zanzibar ilipoungana na Tanganyika, Mafia ilikuwa upande gani? Ilikuwa Tanganyika. Leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Mtu wa Mafia akitaka kwenda mkoani anavuka kwa boti hadi Nyamisati, anapanda gari mpaka Kibaha, mji usio na bahari. Samaki wake, minazi yake, mashua zake na msamiati wake wa baharini vinafanana na vya nduguze wa visiwani. Lakini kalamu ilipita pale.

Je, nasema Mafia irudi? Hapana jamani, msinipigie simu! Watu wa Mafia wana maoni yao na wana midomo yao. Mimi nasema ule mstari uulize swali lake. Aliyeuchora alikuwa anauliza: changu kinaishia wapi, na chako kinaanzia wapi? Basi. Hakuuliza kuhusu samaki.

Hapa sasa anaingia mtu mmoja ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandae mazungumzo haya. Oscar Baumann, Mwaustria, mzaliwa wa Vienna, 1864. Mwaka 1888 alikuja na Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kibo, Kilimanjaro, mwaka uliofuata, wakaangukia mikononi mwa Abushiri, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, wakati wa vita vya Pangani. Wakafungwa, wakakombolewa kwa fedha. Ungedhani angekaa kwao. Akarudi. Mwaka 1892 aliiona kreta ya Ngorongoro, akapita mpaka Rwanda. Kisha akaja kwenye visiwa vyetu, akawa balozi mdogo wa Austria-Hungaria mjini Unguja, na akafanya kazi ya kutembea. Wasafiri wa zama zile walichora njia kwa dira na saa: umetembea muda gani, umeelekea wapi, umevuka kijito gani, kijiji kinaitwaje. Vitabu vyake vya visiwa vilitoka vitatu, vimechapishwa na chama cha jiografia cha Leipzig. Mafia mwaka 1896. Unguja mwaka 1897. Pemba mwaka 1899, mwaka aliofariki akiwa na umri wa miaka 35.

Sasa sikiliza jina la mfululizo wake. Aliuita Visiwa vya Zanzibar. Na kitabu cha kwanza kabisa katika Visiwa vya Zanzibar kilikuwa kipi? Mafia! Mwaka 1896, miaka sita baada ya mkataba, bendera ya Mjerumani inapepea Chole, na mwandishi anayeandika Kijerumani, anayechapishiwa Ujerumani, anaiweka Mafia pamoja na nduguze na kuitanguliza. Kwa nini? Sidhani alikuwa na siasa. Yeye alikuwa anauliza: kuna nini hapa, na watu gani? Ukiuliza hivyo, huwezi kuitenga Mafia. Swali tofauti, jibu tofauti, karatasi ileile.

Ingawa kuna mwingine ambaye angemwambia Baumann amekosea, naye ni bahari yenyewe. Kati ya Unguja na bara maji ni mafupi. Kati ya Mafia na bara vilevile. Zamani za kale bahari ilipokuwa chini, Unguja na Mafia zilikuwa sehemu ya bara. Lakini Pemba! Pemba iko ng'ambo ya mfereji wenye kina cha mamia ya mita. Ilijitenga zamani mno. Waarabu waliiita kisiwa cha kijani, na mpaka leo ina popo wake wakubwa wasiopatikana kwingine duniani. Kwa hiyo mwulize mwanasiasa, Mafia ndiyo ya pembeni. Iulize bildi, ya pembeni ni Pemba. Wapemba wanaonisikiliza, sikusema mimi.

Nigusie na vita, maana ramani ziliua. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale pale bandari ya Unguja. Mabaharia wengi wamezikwa kisiwani Chapwani. Kisha Königsberg ikapotea. Waingereza wakaitafuta pwani nzima. Ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, mahali ambapo kwa ramani za Waingereza meli kubwa kama ile haipiti. Lakini Wajerumani walikuwa na meli yao ya upimaji, Möwe, iliyokuwa imepima njia za delta ile kimya kimya kabla ya vita. Wao walikuwa na namba, wenzao hawakuwa nazo. Ni bildi tu, ndugu zangu, kipande cha risasi na kamba. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuchungulia juu ya mikoko, na Julai 11 Königsberg ikaangamizwa. Na baada ya vita Mafia ikaendelea kuhesabiwa upande wa bara.

Muda unaniishia, na bado sijakwambia habari za mzee mmoja niliyemwonyesha ramani ile.

Nina jirani, nahodha mstaafu, mzaliwa wa Jibondo, kisiwa kile cha mafundi wa majahazi karibu na Mafia. Anaishi kwa binti yake hapa Unguja. Nikampelekea ile karatasi. "Shikamoo, nahodha." "Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini, notisi ya kodi?" Nikaikunjua mezani. Unajua alifanya nini? Aliizungusha. Akaiweka magharibi juu, kwa sababu mtu wa Jibondo akisimama ufukweni kwao na kutazama bara, bara liko mbele yake. Mbele ni juu. Al-Idrisi angefurahi.

Hakuangalia nchi kavu hata kidogo. Kidole chake kilikwenda majini moja kwa moja. "Hapa mwamba, kweli. Hapa pana mkondo, kusi ikivuma usipite. Hapa amekosea, hapa ndani zaidi." Akaomba kalamu. Nikampa biro yangu. Akaandika majina ya mafungu, moja baada ya jingine, majina ambayo sikuwahi kuyaona kwenye ramani yoyote, ya Mjerumani wala ya Mwingereza wala ya serikali. Nikaona sasa nimepata hazina. Nikaanza kuwaza kipindi kizima.

Kisha akafika mahali, kusini mwa Jibondo, akaweka nukta. Nukta tu. Nikangoja aandike jina. Hakuandika. Nikamwuliza, "Na hili, nahodha, linaitwaje?"

Akafunga kifuniko cha biro, akanirudishia. "Hilo lina changu wengi. Nikiliandika, kesho utalisema redioni."